Pitia kwa Ndugu Yako

SOMO LA JUMA

Maandiko ya kusoma kabla ya kukutana: Mwanzo 32:1 hadi 33:17, Mathayo 5:23-24, Mithali 27:10.

Lengo la somo: Tujifunze kuuliza "Nani ana neno juu yangu?" kabla ya kuuliza "Nina neno juu ya nani?"



Jumapili ya mwisho ya mwaka, tarehe 29 Desemba 2024, nilisimama mbele yenu hapa Magwagwa nikatoa ushuhuda wa dakika chache. Mchungaji ameniomba niuandike kama somo, ili vikundi vya nyumbani vipate kuujadili. Nimekubali, ingawa ushuhuda wenyewe haunipambi. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini.

Duka letu la Chebilat

Wengi wenu mnanijua kama kijana wa hapa aliyehamia Nairobi. Wachache mnajua kwamba kabla ya Nairobi nilikuwa na duka la nafaka Chebilat. Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na rafiki, Mkipsigis wa upande wa Sotik, tuliyesoma naye shule ya bweni. Kidato cha kwanza tulikalia deski moja, na tangu siku hiyo yeye aliniita Deski na mimi nikamwita Deski. Tuliokoka usiku mmoja, katika mkutano wa umoja wa Wakristo pale shuleni. Kidato cha tatu baba yangu alipolazwa na karo ikakosekana, baba yake aliuza ndama akanilipia muhula mzima. Hakutuandikisha popote. Alisema tu, "Huyu naye ni mtoto."

Mwaka 2005 tulichanga pesa tukafungua duka. Mnajua Chebilat ilivyo: huku Borabu, kule Sotik, na soko liko katikati. Tulichagua pale makusudi. Yeye angeongea na wakulima wa kwao, mimi ningeongea na wa kwetu, na mahindi hayana kabila. Miaka miwili tulifanya biashara na hatukugombana hata siku moja.

Halafu ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Sina haja ya kuwasimulia ninyi wa mpakani yaliyofuata. Kote nchini watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha katika miezi ile miwili, kabla ya viongozi kutia sahihi mkataba wa amani tarehe 28 Februari 2008. Mimi nilikuwa nimekuja nyumbani kwa sikukuu. Nikiwa hapa hapa Magwagwa nikapata habari kwamba duka limechomwa pamoja na magunia yote. Na aliyeniletea habari akaongeza maneno haya: "Deski wako alikuwepo. Alikuwa amesimama na wao."

Wapendwa, sikuuliza swali hata moja. Nilitoa laini kwenye simu nikaivunja vipande viwili. Mwezi wa Aprili nikaenda Nairobi kuanza upya, na jina la Deski halikutajwa tena nyumbani kwangu.

Njia moja, dirisha limefungwa

Sasa sikiliza hili. Mungu alinibariki. Alinipa mke, watoto watatu, kazi na gari. Akanipa huduma pia, nikawa mwalimu wa Biblia kanisani. Nimefundisha juu ya msamaha mara ambazo siwezi kuhesabu. Na kila Desemba tunakuja nyumbani kwa njia ile ile: Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik, Chebilat, halafu unakata kulia unashika barabara ya Ikonge. Kila mara tukikaribia Chebilat, mimi nafunga dirisha na kukanyaga mafuta.

Nilidhani hakuna anayeona. Kumbe watoto wanaona kila kitu.

Tarehe 21 Desemba, Jumamosi, tulikuwa tumeshapita Sotik wakati gari lilianza kuchemsha. Sindano ya joto ilipanda mpaka mwisho. Nikasema moyoni, "Bwana, si hapa. Nipeleke hata kilomita tano mbele." Bwana hakunipeleka. Gari lilizima mvuke ukitoka, tukiwa sokoni Chebilat, hatua chache kutoka mahali ambapo duka letu lilikuwa.

Fundi alifungua boneti akasema paipu ya rejeta imepasuka, ya gari hili haipatikani hapa, itabidi boda aifuate Keroka. "Mtangoja kama saa moja na nusu, mzee."

Mtoto wangu wa pili, msichana wa miaka 11, akaniuliza, "Baba, kwani hapa kuna nini? Mbona huwa tunasimama kila mahali lakini hapa hatusimamagi?"

Sikumjibu. Mama yao ndiye aliyejibu, lakini alinijibu mimi. Yeye alijua hadithi yote. Alisema kwa sauti ya chini, "Baba watoto, Jumapili iliyopita umetufundisha Mathayo 5. Uliacha sadaka yako wapi?"

Ni afadhali angenipiga kofi.

Nikamgeukia fundi, nikamtajia jina kamili la Deski, nikauliza kama anamjua. Akacheka. "Yule mzee wa kanisa? Nani hamjui? Nina nambari yake." Akatoa simu akaanza kuisoma. Alipofika katikati, nikaimalizia mwenyewe.

Hapo ndipo nilipohukumiwa moyoni, wapendwa. Nambari ilikuwa ile ile. Karibu miaka 17 niliijua kwa kichwa. Siku yoyote, saa yoyote, ningeweza kupiga.

Tuliyoambiana

Alipokea mara ya pili. Nikasema, "Deski." Kimya. Kisha akauliza, "Uko wapi?" Nikasema, "Chebilat. Gari imechemsha." Akasema, "Usiondoke."

Alifika kwa boda boda kabla ya robo saa, koti moja mkono umeingia na mwingine bado. Alinisalimu kwa Ekegusii, nami nikamjibu kwa Kipsigis, vibaya kama zamani. Tukashikana mikono, tukashindwa kuachana. Hakuna aliyelia, tulikuwa tunaogopana. Alichukua familia yote akatupeleka kwake. Mama yake bado yuko hai. Macho yamefifia, lakini aliposikia sauti yangu aliuliza, "Huyu si yule wa Magwagwa? Mbona umechelewa kula?" Akawawekea watoto wangu mkono kichwani mmoja mmoja. Wakapewa mursik na mahindi ya kuchoma. Sisi wawili tukatoka nje, tukakaa chini ya mti.

Yeye ndiye aliyeanza. Nayaandika maneno yake kwa ruhusa yake.

"Deski, nilikuwepo. Yule aliyekuambia hakudanganya. Sikushika kiberiti, lakini nilisimama pale. Waliniuliza, hili duka ni la nani? Walijua, lakini walitaka niseme kwa mdomo wangu. Nikasema ni la Mkisii. Sikusema ni letu. Niliogopa wangenichoma na mimi. Nimemwomba Mungu msamaha mara nyingi, lakini wewe sikuwa na njia ya kukufikia. Laini yako ilizimwa."

Nilikuwa nimengojea maneno hayo miaka yote. Nilikuwa nimejiandaa kuyasikia, na hata hotuba ya kujibu nilikuwa nayo. Lakini kabla sijafungua mdomo akaendelea.

"Sasa na wewe. Laini yangu haikuzimwa. Mzee wangu alifariki 2011. Alikuuliza mpaka wiki ya mwisho. Kila Desemba alikuwa anasema, huyu kijana atapita. Tulitangaza kifo chake kwenye redio. Deski, haukusikia?"

Wapendwa, nilisikia. Siku ile nilikuwa Nairobi, ndani ya matatu, na redio ya dereva ikataja jina la mzee aliyeuza ndama yake ili mimi nisome. Nilisikia, nikaomba dereva abadilishe stesheni. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Alifunika uso kwa mikono, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Kisha jambo moja likajitokeza katika mazungumzo, bila yeye kulidai. Mwenye jengo alikuwa anatudai kodi ya miezi mitatu, Sh7,500, kabla ya moto. Deski aliilipa yote peke yake, polepole, kwa mshahara wa kibarua. Mimi nilikuwa nimelisahau deni hilo kabisa. Nilikumbuka magunia yangu kwa hesabu kamili, lakini kodi sikuikumbuka.

Tuliomba pamoja pale chini ya mti. Hayakuwa maombi marefu. Kila mmoja alitaja dhambi yake kwa jina lake, na mwenzake akasema, "Nimekusamehe katika jina la Yesu." Tulipomaliza, boda alikuwa ameleta paipu zamani, na fundi alikuwa amepiga simu mara nne.

Tujifunze nini?

1. Njia ya kurudi nyumbani hupita kwa Esau

Katika Mwanzo 31:3 Mungu anamwagiza Yakobo arudi katika nchi ya baba zake. Yakobo amekaa kwa Labani miaka 20. Amekwenda na fimbo, anarudi na wake, watoto na mifugo. Ni safari ya familia, wakubwa kwa wadogo. Lakini huwezi kurudi nyumbani kwa Isaka bila kukutana na Esau. Mungu aliyemwahidi ulinzi hakumwonyesha njia ya kumzunguka ndugu yake.

Mpendwa, unaomba Mungu akupeleke mbele, na Mungu anakupeleka mbele, lakini barabara inapita mahali fulani ambapo umefunga dirisha. Usishangae gari likizima hapo hapo.

2. Soma Mathayo 5:23 vizuri

Hebu fungua Biblia yako sasa. Miaka yote nilikuwa nasoma mstari huu vibaya, na nikaufundisha vibaya. Nilidhani Yesu anasema: ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako, umsamehe. Kwa hiyo nilikuwa natangaza kila mara, "Nimemsamehe Deski," nikiwa kitandani kwangu Nairobi, na ninaendelea na huduma.

Sivyo mstari unavyosema. Yesu anamzungumzia mtu aliyefika madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anayedai ni ndugu. Anayetakiwa kuinuka na kwenda ni wewe. Na tena hapo hasemi kama dai hilo ni kubwa au ni dogo, wala nani alianza. Anasema uende kwanza, halafu urudi na sadaka yako.

Mimi nilihesabu gunia kwa gunia alichonikosea. Sikuwahi kukaa chini nikaandika orodha ya pili: karo ya muhula mzima, mzee aliyekufa akiniuliza, redio niliyoomba ibadilishwe, kodi niliyoiacha. Kila mtu ana orodha hii ya pili. Ndiyo hiyo Bwana anaiulizia. Na Mithali 27:10 inakwenda mbali zaidi: inatukataza kumtupa rafiki yetu, na hata rafiki wa baba yetu. Mimi niliwatupa rafiki na baba yake siku moja.

3. Msamaha hausemi "haikuwa kitu"

Deski hangenisaidia kama angesema, "Tusahau, yalipita." Alisema, "Nilikuwepo." Petro naye alikana kando ya moto, na Bwana alipomrudisha, katika Yohana 21, alimrudisha kando ya moto wa makaa na kumuuliza mara tatu. Alimpitisha mahali pale pale alipoanguka.

Hapa kwetu mpakani tumepatanishwa mara nyingi kwa soda na hotuba. Mkutano unaisha, watu wanapiga picha, na hakuna aliyesema alichofanya. Damu ya Yesu inatosha kwa dhambi iliyotajwa. Itaje.

4. Beba kitu mkononi

Yakobo alimtumia Esau mifugo 550, bila kuhesabu wana wa ngamia: mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda. Esau alikataa kwanza, akasema anacho cha kutosha. Yakobo akamsihi mpaka akapokea (Mwanzo 33:9-11). Aliyekuwa ameiba baraka sasa anatoa baraka.

Tarehe 2 Januari, tukirudi Nairobi, tulisimama Chebilat kwa hiari yetu. Nilimpelekea Deski Sh3,750, nusu yangu ya kodi, na kwa mama yake nikapeleka ndama jike. Deski alikataa. Nikamwambia, "Soma Mwanzo 33." Akacheka, akapokea. Toba ya kweli ina miguu na ina mfuko. Zakayo alijua hivyo.

5. Watoto wako nyuma yako

Mwanzo 33:3 inaonyesha kwamba Yakobo alipita mbele ya familia yake, akainama mpaka nchi mara saba, huku watoto wote wakitazama. Wanawe walimwona baba yao akijishusha mbele ya mtu aliyemkosea. Wanangu walikuwa wamejifunza kutoka kwangu kwamba Chebilat ni mahali pa kuogopwa, na sikuwahi kusema neno. Dirisha liliwafundisha. Siku hizi msichana wangu anaandikiana na binti wa Deski. Wanaitana Deski pia. Sisi hatukuwaambia.

Neno la tahadhari

Mimi nilipoteza magunia. Kuna wasomaji wa karatasi hii waliopoteza watu. Siwezi kuwapimia kwa kipimo changu, na mtu asitumie ushuhuda wangu kuwasukuma. Safari yenu ina hatua nyingi, na Bwana yuko nanyi katika kila hatua.

Tena, kupatana si lazima kuhamia pamoja. Baada ya kukumbatiana, Esau alikwenda zake Seiri na Yakobo akaenda Sukothi. Lakini Isaka alipokufa walimzika pamoja (Mwanzo 35:29). Na kama aliyekuumiza bado ana mkono wa kupiga, usiende peke yako. Mwone mchungaji au wazee wa kanisa. Mathayo 18 imetoa nafasi ya mashahidi.

Kazi ya juma hili

Andika orodha ya pili. Usiandike wanaokudai pesa tu. Andika wanaokudai salamu, pole, shukrani, au ukweli. Chagua jina moja. Kabla ya Jumapili ijayo piga simu, au uende. Kutoka kwetu ukisimama juu ya kilima unaona vilima vya ng'ambo ya Mto Sondu. Si mbali. Nauli ya matatu inatosha.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni mahali gani ambapo wewe "hufunga dirisha" unapopita? Kwa nini?

2. Soma Mathayo 5:23-24 polepole. Ni nani anayetakiwa kuanza safari, na kwa nini?

3. Kuna tofauti gani kati ya kusema "nimemsamehe" ukiwa mbali na kukutana uso kwa uso?

4. Kwa nini Esau alikataa zawadi, na kwa nini Yakobo alisisitiza? Je, kuna kitu unachopaswa kurudisha?

5. Watoto wetu wamejifunza nini juu ya majirani zetu, bila sisi kusema?

Tuombe

Baba katika jina la Yesu, umetubariki tukiwa njiani, na tumepita nyumba za ndugu zetu tukifunga madirisha. Tusamehe. Tukumbushe tunayodaiwa, si tunayodai tu. Tupe ujasiri wa kusema "nilikuwepo," na "nilisikia," na "nilinyamaza." Wale waliopoteza wapendwa wao, wafariji wewe mwenyewe. Mpaka wetu na ng'ambo yetu uufunike kwa amani yako. Na wale waliokwisha kufa wakitungoja, utusaidie kuwatendea mema watoto wao. Amina.